Sabini na Mbili Kila Asubuhi

Wadogo zangu wa kliniki ya moyo, siku nilipokabidhi funguo za kabati la dawa mlinitaka niandike machache kuhusu kazi yangu, ili watakaokuja wasome. Haya, nimeandika. Habari za vyeo nimeziacha. Barua za vyeo hivyo zimo kwenye faili langu na mwenye hamu atazikuta huko, pamoja na barua mbili za onyo. Nitakayoeleza ni ya woga. Nimefanya kazi nikiogopa tangu asubuhi ya kwanza hadi ya mwisho, na sisemi hivyo ili mnionee huruma.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa sita, katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Njombe, kwenye baridi ile ambayo ukimaliza kunawa huna uhakika kama vidole bado ni vyako. Nilikuwa muuguzi mpya, tena mwanaume. Wakati huo nesi mwanaume alikuwa kitu cha kushangaza. Wagonjwa waliniita "dokta" tangu saa ya kwanza, na nilipowaambia mimi ni nesi, walicheka kwa adabu wakaendelea kuniita dokta. Kila nilipoitwa hivyo niligeuka kuangalia kama daktari wa kweli yupo karibu, maana nilijua vizuri yote nisiyoyajua.

Aliyenipokea wodini alikuwa Sista Gaudensia, mtawa mfupi mwenye miwani minene na saa ndogo aliyoibana kifuani. Hakuniuliza nimefaulu vipi chuoni. Alinisimamisha mbele ya kitanda cha kwanza akasema nihesabu mapigo ya mgonjwa. Nikashika mkono, nikahesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili kama tulivyozoea.

"Themanini na nne, Sista."

Akashika yeye, akahesabu dakika nzima huku macho yakiwa kwenye saa. "Tisini na tatu. Hiyo nusu dakika ya pili ulimwachia nani?"

Nikaulaza mkono wa mgonjwa juu ya blanketi.

"Moyo huu haupigi sawasawa, Mgaya. Unaweza kukudanganya nusu dakika nzima. Dakika kamili, kila mgonjwa, kila siku, kwa mkono wako mwenyewe. Usimwamini mtu mwingine, hata mimi."

Wagonjwa wengi wa wodi ile walikuwa vijana. Utotoni waliumwa koo, wakapewa maji ya moto na chumvi, koo likapona. Baadaye mwili, katika kupigana na wale vijidudu wa koo, ukaigeukia mioyo yao wenyewe na kuharibu valvu, ile milango inayoruhusu damu kwenda mbele bila kurudi. Nyingine zilikuwa zimekaza, nyingine zinavuja, nyingine zimefanya yote mawili. Tuliwapa dawa ya kukojoza ili maji yatoke mapafuni, na wengine tuliwapa dijoksini, dawa ya moyo ambayo ikizidi kidogo inaua. Kidonge chake ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na sijawahi kukishika bila kukiangalia mara mbili.

Wiki ya pili nilikaribia kuacha kazi. Msichana mmoja alihema haraka kwa hofu hadi vidole vikajikunja kama vya mtu anayechota unga. Chuoni tulifundishwa kwamba vidole vikijikunja hivyo, unafikiria kalsiamu ya sindano. Nilishavunja shingo ya chupa, nimevuta dawa, nimepata mshipa, Sista Gaudensia akanishika kiwiko.

"Weka chini. Huyu yuko kwenye dijoksini."

"Nilimwonea huruma vidole, Sista."

"Vidole vitanyooka akitulia. Moyo ukikaza ukakataa kulegea, utaunyoosha na nini?"

Siku hizi mnasoma kwamba hatari ile ilitiwa chumvi, kwamba wapo waliopewa vyote viwili na wakaenda zao nyumbani. Inawezekana. Mimi hata leo nikiona chupa ya kalsiamu natafuta kwanza karatasi ya dawa za mgonjwa.

Sababu yenyewe sikuijua kwa miaka mingi. Sista alijua kwamba ni hatari, hakujua kwa nini, na hakuona aibu kusema hivyo. Aliyenifungua macho ni Daktari Mlowe, mnayemfahamu wote, alipokuja kwetu na mashine ya eko, ya kupiga picha ya moyo, na tabia yake ya kuchora kila anachokisema. Alichukua kalenda ya mwaka uliokwisha, akaigeuza, akachora seli moja ya msuli wa moyo, kubwa kama meza. Ndiyo ile iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kliniki, msiitoe.

Yeye ni mtoto wa Makambako, amekulia karibu na malori ya viazi, basi akatueleza kwa mambo ya huko. Kila pigo, alisema, kalsiamu kidogo inaingia ndani ya seli. Hiyo inafungua mlango wa stoo iliyomo humo humo ndani, na kalsiamu nyingi inamwagika. Msuli unakaza, damu inasukumwa. Lakini ili msuli ulegee, ujazwe tena, kalsiamu yote ile lazima irudishwe stoo kabla ya pigo linalofuata. Wanaoirudisha ni protini, pampu ndogo ndogo zisizohesabika.

"Hawa ndio makuli," alisema. "Magunia ya kalsiamu yameshushwa uani, wanayabeba kurudisha ndani. Na kuna protini nyingine hapa, msimamizi wao, anawapunguza kasi wakati wa kawaida, anawaachia mwili ukihitaji nguvu. Sasa valvu ikiharibika, msuli unafanya kazi ya ziada miaka kumi, kumi na tano. Makuli wanapungua. Mlango wa stoo unaanza kuvuja. Magunia yanabaki uani."

"Na dijoksini?" nikauliza.

"Dijoksini inafanya magunia yazidi kubaki ndani ya seli. Yakizidi kidogo, moyo dhaifu unapata nguvu ya kukaza. Tena inapunguza mbio za mapigo. Yakizidi sana..." Akaweka kalamu chini. "Ndiyo maana mnahesabu."

Mtu angefikiri kuelewa kunapunguza woga. Kwangu uliongezeka. Zamani niliogopa kidonge tu. Baada ya ile kalenda, kila nilipomshika mgonjwa mkono niliwaza uani kumejaa kiasi gani, na hakuna kidole kinachoweza kuhisi hilo.

Sasa nifike kwa Edina, maana najua ndiye mnayetaka kusikia habari zake, na wengi wenu mmezisikia kwa kuongezewa chumvi.

Edina alikuwa na miaka kumi na tisa alipoletwa kutoka Ipelele, juu kule Makete. Walipitia hospitali ya Bulongwa, wakaandikiwa rufaa kwetu kwa ajili ya eko. Alikuwa mwembamba, mcheshi, hawezi kupanda ngazi nne bila kushika ukuta. Valvu moja ilikuwa imekaza na inavuja, mapigo hayana mpangilio. Daktari Mlowe alimwandikisha kwenda Dar es Salaam kubadilishiwa valvu, na hadi zamu yake ifike tulitakiwa kumtunza asizidiwe. Akizidiwa, nafasi angepewa mwingine. Hilo mama yake alilielewa kuliko sisi sote.

Mama Edina ni mkulima wa viazi na ngano. Shule alisoma kidogo, Kiswahili chake anakipima neno kwa neno. Wagonjwa wa mbali tulikuwa tunawapa daftari: kila asubuhi kabla ya kidonge cha dijoksini, ndugu anahesabu mapigo dakika nzima kwa saa ya simu, anaandika. Yakipungua sitini, kidonge kinasubiri na mgonjwa anakuja. Nilimfundisha mwenyewe. Nikamshika Edina mkono mbele yake, nikahesabu, nikamwambia kwa furaha:

"Sabini na mbili. Safi kabisa, Mama Edina. Hivi ndivyo tunavyotaka."

"Sabini na mbili," akarudia, akaandika ukurasa wa kwanza, polepole, kama anayeandika jina la mtoto kwenye cheti cha ubatizo. "Asante, dokta."

Nikamwambia mimi ni nesi. Akacheka kwa adabu.

Walirudi baada ya mwezi. Kliniki ilijaa siku ile hadi watu wamekaa kwenye ngazi. Mama Edina akanyoosha daftari kwa mikono miwili. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Sabini na mbili, ukurasa mzima, mwandiko umenyooka, hakuna palipofutwa. Wengine waliniletea vikaratasi vyenye mafuta ya taa na namba zisizosomeka. Nililiinua lile daftari juu watu walione.

"Jamani, hili ndilo daftari bora katika kliniki yote. Mwigeni huyu mama."

Watu wakapiga makofi. Mama Edina akaangalia chini. Nikaandika dawa za mwezi mwingine, nikaita anayefuata.

Edina sikumshika mkono. Nimelisema hilo mbele ya daktari, mbele ya padri, na sasa naliandika. Moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio haujawahi kutoa namba moja siku thelathini mfululizo, na hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kulijua. Nilikuwa nimefanya kazi miaka ishirini na zaidi. Nilipendezwa na usafi wa daftari.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, lori la viazi liliingia getini badala ya kwenda sokoni. Dereva alikuwa Bwana Shabani wa Makambako, msafirishaji anayepanda Makete kila wiki. Alishuka mbio bila kuzima injini.

"Nesi, njoo haraka! Nimemkuta huyu binti na mama yake barabarani wanasubiri gari. Ametapika njia nzima. Wallahi kwenye zile kona nilidhani ameshanifia hapa kwenye kiti."

Tulimbeba. Edina aliniangalia akasema mashuka yetu yamekuwa ya manjano, kila kitu kina manjano pembeni. Neno hilo nililijua, kwa kuwa ndivyo dijoksini inavyosema ikizidi. Nikamshika mkono. Nikahesabu dakika kamili, mara hii bila kuruka hata sekunde. Thelathini na nane.

Mama Edina alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na daftari mkononi. Nililifungua. Siku ile ile, asubuhi ile ile, mwandiko umenyooka: sabini na mbili.

"Mama Edina," nikasema, na sauti ilitoka ya ukali ambayo sikuikusudia, "hii umeihesabu?"

"Nimehesabu, dokta."

"Ukapata sabini na mbili?"

Akaanza kulia bila sauti. "Nahesabu kila asubuhi. Zamani ilikuwa inatoka themanini, inatoka sitini na tano. Siku hizi inatoka arobaini na kitu. Nikajua nakosea mimi, dokta. Mimi sikusoma. Wewe ulishasema ni sabini na mbili."

Sijui niliwaza nini. Nakumbuka tu nilimwambia akae, na hakuna kiti, akakaa chini.

Dawa ya kuiondoa dijoksini mwilini ipo vitabuni. Stoo yetu haikuwa nayo, wala hospitali yoyote ya jirani tuliyoipigia simu. Daktari Mlowe alisimamisha kidonge, akampa sindano ya kuongeza mapigo, akaagiza kipimo cha potasiamu, akaweka mashine ya kupima umeme wa moyo kifuani. Edina akaogopa, akaanza kuhema haraka, vidole vikajikunja. Na mimi, wadogo zangu, kwa mazoea ya mikono, nilijikuta nimeshaitoa chupa ya kalsiamu kwenye trei. Nikaiangalia. Nikairudisha, nikamshika Edina vidole, nikamwambia ahesabu pumzi pamoja nami. Vilinyooka taratibu.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri figo zifanye kazi yake. Ni siku tatu. Sikuwahi kuogopa hivyo kabla wala baada. Kila robo saa nilihesabu, na kila mapigo mawili yalipoachana sana nilianza kuhesabu upya. Thelathini na sita. Arobaini. Thelathini na tisa. Kalenda ya Daktari Mlowe ilikuwa nyuma ya mlango na sikuweza kuitazama. Mama Edina alikaa upande wa pili wa kitanda. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Siku ya pili mchana nilikwenda kwa Sista Gaudensia, aliyekuwa amestaafu anaishi na masista wenzake ng'ambo ya bustani. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote.

"Ulimhesabu mwenyewe ile siku ya kliniki?"

"Hapana, Sista."

Nilitegemea anikemee au aniombee.

"Sasa unafanya nini hapa?" akasema. "Kahesabu."

Siku ya tatu jioni, jua likiwa bado juu ya misonobari, Edina alisema mashuka ni meupe na kwamba ana njaa. Hamsini na nne. Nikatoka nje, nikakaa nyuma ya chumba cha kufulia, nikalia kama mtoto.

Tangu hapo nilibadilisha utaratibu, na ndio ule mnaoulalamikia kwamba unachelewesha foleni. Ndugu anahesabu kwanza, mbele yangu, anaandika. Kisha nahesabu mimi, naandika pembeni. Namba simwambii mtu kabla hajahesabu, na sisemi ipi nzuri. Safu mbili zikifanana mara kwa mara, naingiwa na wasiwasi. Na simsifu mtu kwa daftari safi. Mama Edina nilimwomba radhi, nikamwambia alikuwa amehesabu sawasawa muda wote, na kwamba aliyekosea ni mimi. Aliniangalia kama mtu asiyesikia vizuri. Ilinibidi nirudie mara tatu.

Zamu ya Dar es Salaam ilifika. Huko kulikuwa na utafiti: wakati wa kuondoa valvu mbovu, kipande kidogo cha msuli kinachotoka nayo hakitupwi, kinagandishwa kwenye naitrojeni, gesi iliyopoozwa hadi kuwa maji, kisha wanapima zile protini za kalsiamu. Fomu ya ridhaa niliwasomea mimi. Edina alisaini haraka. Mama yake akauliza kipande kikiisha kupimwa kitazikwa wapi. Nikamjibu sijui, nikapiga simu kuuliza, na waliopokea simu nao hawakujua. Akakubali hivyo hivyo, akasema angalau mara hii mtu amesema hajui.

Edina akarudi na valvu ya chuma. Ukikaa naye kwenye chumba kimya unaisikia inagonga. Wote walishangilia nyumbani. Mimi niliendelea kuogopa, kwa sababu valvu imebadilishwa lakini msuli ni ule ule. Baada ya muda ukaja muhtasari wa utafiti, na Daktari Mlowe akauweka mezani. Kulikuwa na picha ya nguzo, kila nguzo mgonjwa mmoja, majina hayapo. Nguzo ndefu maana yake pampu zipo za kutosha. Nyingine zilikuwa fupi, na moja ilikuwa fupi sana, imekaribia kugusa mstari wa chini.

"Edina ni ipi?" nikauliza.

"Haijulikani, na haitakiwi kujulikana. Huu ni utafiti, sio majibu ya mgonjwa."

"Hawa wa nguzo fupi, makuli wao wanarudi?"

"Wengine wanarudi mzigo ukipungua. Wengine hapana."

Niliiangalia ile nguzo fupi hadi chai ikapoa. Kwa miaka kadhaa, kila Edina alipochelewa kliniki, niliiona.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa kwenye kliniki yetu ya nje, ile tunayoifuata Makambako kila Alhamisi. Edina siku hizi anaishi Mahongole kwa shangazi yake, anashona sare za shule. Bado anameza dijoksini, nusu ya ile ya zamani. Alikuja na mama yake, aliyeteremka kutoka Ipelele na lori la Bwana Shabani akiwa na kiroba cha viazi vyangu vya kustaafia. Nikafunga mlango, kelele za nje zikapungua, tukaisikia valvu.

Foleni ilikuwa ndefu na watu wa keki ya kuniaga walikuwa wananisubiri, basi nikavunja utaratibu wangu kidogo, nikahesabu mimi kwanza. Dakika kamili. Nikapata sabini na mbili.

Nikahesabu tena: sabini na mbili. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Namba hiyo sijawahi kuipenda tena, hata kwenye tiketi ya basi. Mama Edina akaniona, akauliza, "Vipi, dokta? Ni ngapi?"

Nilitaka kumwambia. Ilikuwa namba nzuri, ya kweli, nimeihesabu mara tatu, na ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nikafunika karatasi kwa kiganja.

"Hesabu wewe."

Akaweka miwani, akaweka simu mezani, akamshika mwanawe mkono. Midomo ilikuwa inacheza kwa Kikinga, lugha ya kwao. Edina alitazama dari, mimi nilitazama kalamu. Dakika ikaisha. Mama Edina akanitazama machoni, moja kwa moja, hakutafuta jibu usoni kwangu.

"Sabini na moja."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kama yako ni nyingine, hesabu upya."

Nikachukua daftari, nikaandika sabini na moja kwenye safu yake.